Gari Lililopashwa Moto Kila Asubuhi

Shuleni, kaskazini mwa Lodwar
22 Januari 2023

Kwa Phelix Owiti, Kericho

Owiti, mwizi wa kuku wa mama yangu tangu darasa la nne,

Mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kulishwa, kwa hiyo nakuandikia, na barua nampa dereva wa basi. Na kusema kweli hasira yangu ni ndefu kuliko vocha.

Gari limefika kwetu Boito. Dada yangu Rodah anasema akina mama waliimba mpaka sauti zikakauka. Wakulima wa kituo chetu cha majani ya chai wametoa bonasi yao wakanunua van ya dizeli kutoka Japani, ya kupeleka wagonjwa hospitali kule Kaplong. Hatutaona tena mgonjwa amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa mwendesha pikipiki kama mzigo wa kuni. Jambo hilo wamelifanya watu wanaochuma majani kwa vidole, huku waheshimiwa wakituahidi ambulensi kila uchaguzi.

Wewe ndiwe fundi wake. Wengine walitaka mtu wa hapo. Niliwaandikia: Owiti alizaliwa kambini kwa wachumaji wa majani kama sisi, na baba yangu, dereva wa lori la majani miaka yote ile, ndiye aliyemshikisha usukani. Wakakubali.

Sasa sikiliza. Najua tabia yenu mafundi. Mkiona ile filta ya masizi kwenye ekzosi mnaipasua kwa grainda, mnatoa matumbo yake, mnachomelea kopo tupu na kulirudisha mahali pake kana kwamba hakuna kitu. Gari linavuta kama fahali, na moshi mweusi unawaingia watoto wanaokwenda shule. Japani wametumia mapafu ya gari hilo wakatuuzia kikohozi, nanyi mnamalizia kazi. Nikisikia umeitoa nitakuandika gazetini, jina lako na la baba yako.

Msalimie Dorcus na watoto.

Kiplimo


Kericho
3 Februari 2023

Mwalimu mwenye kelele,

Kuku alikuwa mmoja, na wewe ndiwe ulimshika miguu.

Gari nimeiona. Ni safi. Nilitaka kuitoa hiyo filta siku ya kwanza, nisikudanganye, maana nimetoa nyingi na hakuna mteja amerudi kulalamika. Lakini nikasikia sauti yako masikioni nikaacha grainda chini. Furahi.

Basi na wewe unisikilize mimi, kwa sababu ukitaka filta ikae lazima gari iishi vile filta inataka. Ile kitu inashika masizi yasitoke nje. Ikijaa, inajichoma yenyewe ndani, masizi yanakuwa majivu kidogo tu. Lakini ili ijichome injini lazima iwe moto kabisa, na moto huo unapatikana barabarani, gari ikikimbia karibu nusu saa bila kusimama. Gari ikiwashwa na kuzimwa, au ikinguruma tu imesimama, inatoa masizi na haipati moto. Masizi yanajaa. Taa inawaka. Ukipuuza taa, kompyuta inakata nguvu, na hapo gari haipandi hata kichuguu.

Kuna shida mbili. Kamati ya wakulima imepitisha kwamba gari ya wagonjwa haiendi popote bila mgonjwa. Mwenyekiti Marcella ameifunga na mnyororo, anaogopa watu wataenda nayo harusini. Hiyo naielewa. Shida ya pili ni nyumbani kwenu. Gari inalala huko, Mzee wako amepewa ufunguo, na kila asubuhi, kabla hajaonja chai, anawasha injini na kuiacha ingurume chini ya mabati mpaka amalize kukamua ng'ombe. Anasema anaipasha moto ili mgonjwa asingoje. Wewe unakumbuka, ndivyo walivyofanya na lori la majani, na kwa lori lile ilikuwa sawa. Kwa hii ni sumu.

Nilijaribu kumwambia. Aliniangalia akasema, "Wewe Owiti, unataka kunifundisha dizeli?" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningefanya nini? Huyo mzee alinipa suruali ya kwanza ya kazi. Siwezi kumkosoa mbele ya wakwe zake na majirani, na hata faraghani ulimi unakwama. Mwambie wewe. Wewe ni damu yake. Isiwashwe bila safari, na kila Jumamosi ikimbizwe mpaka Sotik na kurudi, hata kama ni tupu.

Phelix


Shuleni
19 Machi 2023

Omera, ndugu yangu,

Nimepata yako, na nina habari kubwa kuliko dizeli. Mke wangu Janeffer ana mimba. Baada ya miaka yote hii ya watu kutuangalia kwa huruma kanisani! Ameniambia kwa simu kutoka nyumbani Boito, mtandao ukakatika katikati ya neno, nikakimbia kupanda kilima nikiwa na viatu vya bafuni ili nisikie nusu iliyobaki. Wanafunzi walidhani nyoka ameingia nyumbani.

Nimepeleka gazetini makala kuhusu haya magari ya mitumba. Mhariri ameikata nusu, mwoga yule.

La Mzee nitamwambia Pasaka. Jambo kama hilo halitumwi kwa barua kwa mtu wa umri wake. Itaonekana kana kwamba mtoto amekaa mbali akaanza kumtolea amri.

Kiplimo


Kericho
8 Juni 2023

Mwalimu,

Taa iliwaka wiki jana. Niliifuata gari mpaka Boito, nikaitoa filta, nikaiosha na dawa, nikaikausha kwa upepo wa kompresa siku nzima mpaka Dorcus akaniuliza kama nimeoa mke wa pili wa chuma. Nimeirudisha, nikaiunganisha na kompyuta, nikailazimisha ijichome. Inavuta. Lakini nimeona ndani yake, na ndani si kuzuri. Ikijaa tena, kuosha hakutasaidia. Itabidi kubadilisha. Nimeagiza mpya Nairobi. Wanasema inakuja, inakuja.

Marcella alinikemea: "Kila gari Bomet nzima imetolewa hiyo takataka, yetu pekee ndiyo ina masomo?" Nilimtajia jina lako.

Pasaka ulikuja. Mbona nilipolala kwenu nilisikia gari inanguruma asubuhi?

Niambie ukweli, nifanye nini. Ukisema niitoe, nitaitoa kesho na hakuna mlima utaikataza.

Phelix


Shuleni
25 Juni 2023

Phelix,

Usiitoe! Nchi hii imeoza kwa neno hilo moja, "kila mtu anafanya hivyo". Kila mtu anachota mchanga mtoni, kila mtu anapita upande usio wake, kila mtu anatoboa ekzosi, halafu tunajaa kliniki tukiuliza mbona watoto wanakohoa. Awe mtu mmoja, liwe gari moja, lisilofanya hivyo. Subiri filta mpya. Hata miezi miwili si mwaka.

Pasaka nyumba ilijaa wageni. Kila aliyekuja alikuwa amekuja kumwona Janeffer na tumbo lake, na Mzee alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tumzike mama. Alinishika mkono akanionyesha gari kama mtu anayeonyesha ndama. Ningeanzia wapi? Nitamwambia Agosti nikija kumpokea mtoto.

Na kitu kingine. Janeffer anasema asubuhi akisikia ule mngurumo akiwa bado kitandani, anapata amani. Anasema, "Najua gari liko, na Baba yuko."

Kiplimo


Boito
2 Agosti 2023

Kwa Phelix Owiti,

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu utalia, nami nitanyamaza, na sitaki kunyamaza.

Tumemzika Janeffer Jumamosi. Nilikuona ukiwa umesimama kule mwisho, karibu na ua, na nilishukuru hukunikaribia.

Rodah amenisimulia yote. Damu ilianza asubuhi, kabla ya wachumaji kuingia shambani. Arasa, dereva wa kamati, alikuja mbio. Mzee alikuwa ameshawasha gari. Rodah alikaa nyuma na Janeffer, na Mzee mbele, macho barabarani, kwa sababu mkwe haangaliwi katika hali hiyo. Mpaka darajani lilikwenda vizuri. Kwenye ule mlima wa kabla ya lami taa ikawaka, na gari likakata nguvu. Arasa alikanyaga mpaka chini. Likapanda kama kinyonga. Wachumaji waliacha vikapu wakatoka kwenye majani kusukuma, wanaume na wanawake, kwenye matope, na Mzee mbele akiomba kwa sauti bila kugeuza shingo. Rodah anasema hicho ndicho hatasahau. Baba anaomba na hageuki.

Walifika hospitali. Madaktari walifanya waliloweza. Mtoto yuko hai, msichana. Tumemwita Chepkosgei. Mama yake alimsikia akilia, basi.

Uliniandikia kwamba gari linavuta. Uliniandikia kwamba filta mpya inakuja. Jana kamati ilikaa, nami nilisimama nikasema mbele ya kila mtu kwamba nilikuleta kwa mdomo wangu na ninakutoa kwa mdomo wangu. Nikasema fundi aliyeguswa na uhai wa watu angelala Nairobi mlangoni mwa duka mpaka apewe filta hiyo. Hakuna aliyekutetea. Mzee peke yake alisema, "Polepole, mwanangu," nami nikamfokea baba yangu kwa mara ya kwanza maishani.

Niambie ulifanya nini na gari hilo. Nakudai jibu hilo, na Janeffer pia anakudai.

Kiplimo


Kericho
9 Agosti 2023

Mwalimu,

Kosa ni langu. Nilipoiosha filta mwezi wa sita niliirudisha ikiwa na maji ndani. Ilipopata moto ikapasuka, vipande vikaziba. Fundi mzuri asingefanya hivyo.

Usimuulize mtu mwingine. Hakuna mwingine.

Gereji nimefunga. Wateja wa Boito na Mogogosiek wameshachukua magari yao, na sikuwauliza kwa nini. Dorcus ana ndugu Awendo, tutaenda huko.

Nilimpenda Janeffer kama shemeji na kama dada. Naomba mumwangalie Mzee. Msimwache peke yake asubuhi.

Phelix


Boito
14 Desemba 2023

Phelix,

Nimefunga shule, niko nyumbani. Nimekuwa nikiandika barua hii kichwani tangu alfajiri, na kila mwanzo unanishinda.

Nilikuwa nimelala chumba cha mbele na mtoto. Nikaamshwa na injini. Nililala nikiisikiliza, nikasema moyoni, Mzee anapasha gari moto. Halafu nikaketi wima kitandani.

Nilitoka. Alikuwa zizini, ndoo katikati ya magoti. Kamati ilimpata fundi mwingine, Nyang'au, na huyo hakuuliza mtu, amepasua filta na kuitupa. Ua mzima ulikuwa moshi. Nilimuuliza Mzee, "Unafanya hivi kila siku?" Akacheka. "Tangu gari ije sijaruka hata asubuhi moja. Hata ile ya mazishi. Mgonjwa hawezi kukuta gari baridi, Kiplimo. Yule mama wa mtoto aliikuta ikiwa moto, angalau hilo nilimfanyia."

Angalau hilo nilimfanyia. Ndivyo alivyosema, akaendelea kukamua.

Nilirudi ndani, na barua yako ya Februari ikajisoma yenyewe kichwani mwangu, neno kwa neno. Uliniambia kila kitu. Uliniomba jambo moja, la dakika chache, nami niliyewaandikia mawaziri na maaskofu bila kutetemeka sikuweza kumwambia baba yangu azime gari.

Hakukuwa na maji ndani ya filta. Uliikausha siku nzima, uliniandikia mwenyewe, na nilisoma nikacheka. Kwa nini umenidanganya? Na mimi nifanye nini na huyu mzee anayempakata mtoto wangu kila jioni na kumwimbia? Nimwambie?

Kiplimo


Awendo
5 Januari 2024

Mwalimu,

Usimwambie.

Wewe unaupenda ukweli kwa sababu siku zote umeutupa mbali, kwa watu wa Nairobi usiowajua. Huu utauangusha miguuni pa mzee wako mwenyewe, na hatainuka. Nimekaa naye zaidi yako, ulipokuwa chuoni nikila kwenu. Atafanya hesabu. Atahesabu kila asubuhi.

Nilidanganya kwa sababu ulikuwa unatafuta mtu. Ungeendelea kutafuta ungefika zizini. Afadhali ulinikuta mimi njiani.

Na usidhani mimi ni malaika. Niliiona filta ikiharibika na nilikuwa na grainda. Niliogopa kalamu yako, na niliogopa kuchekwa na Mzee. Watu wazima wawili tulimwogopa mtu mmoja asiyeweza hata kumpiga mbuzi.

Hapa Awendo natengeneza matrekta ya miwa. Hawanijui, hawaniulizi. Niache hivyo. Mtoto apewe jua asubuhi, upande wa pili wa nyumba, moshi usimfikie.

Phelix


Boito, 11-2-2024

Kwa mwanangu Phelix Owiti,

Salamu kwako na kwa mama watoto. Hapa tuko wazima. Mvua bado, majani yamekuwa magumu.

Mimi si mtu wa kuandika. Naandika kwa sababu nimeuliza na sijibiwi.

Kabla Kiplimo hajarudi kazini aliita kamati. Alisimama akasema, Owiti hana kosa, niliwadanganya. Alisema, Owiti aliniandikia jambo la kuwaambia nyumbani na mimi sikuwaambia, kosa ni langu. Marcella akamuuliza, jambo gani? Alifungua mdomo, akaniona nimekaa nyuma pale na mtoto. Akakaa chini. Kiplimo, kukosa maneno! Watu walidhani ni mgonjwa.

Nyumbani nilimuuliza. Alisema, mambo ya kuosha filta, Baba. Macho yake hayakuwa kwangu. Usiku huo hakula.

Nimeendesha magari tangu kabla hamjazaliwa. Najua mtu anapokwepa shimo. Sasa nakuuliza wewe. Uliandika jambo gani? Linanihusu mimi? Nijibu kama mwanamume.

Mzee Nicholas Kipkosgei


Awendo
20 Februari 2024

Kwa Baba, Mzee Nicholas,

Shikamoo Baba. Nimefurahi kuona mwandiko wako.

Niliandika kwamba filta ioshwe mapema na kwamba mpya ifuatiliwe Nairobi. Kiplimo alikuwa na kazi nyingi, hakufuatilia. Hilo tu. Mwenyewe nilikosea wakati wa kuosha. Tumeshasameheana.

Halikuhusu wewe. Uliitunza gari vizuri kuliko mtu yeyote. Nakuomba usisumbuke, umlee mtoto, ule vizuri.

Ni mimi mwanao,
Phelix


Boito, 3-3-2024

Kwa mwanangu Phelix,

Barua nimepata. Umenidanganya kwa heshima, kama mtoto anavyopaswa kumdanganya baba. Nakushukuru. Mama yako angefurahi kuona umelelewa hivyo.

Kabla haijafika nilikuwa nimeshakwenda kwa Nyang'au. Sikumwambia sababu. Nilikaa kwenye tairi nikamuuliza, hizi dizeli za siku hizi zinaharibiwa na nini? Yeye si wa kwetu, hanijui vizuri, hakuwa na haja ya kunionea haya. Aliniambia akiwa chini ya gari, akipiga mluzi. Alisema, ni wale wazee wanaoiwasha kila asubuhi na hawaendi popote.

Nilimwambia asante. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kwenye ule mlima nilikaa kidogo. Wachumaji waliponisalimia, nikainuka nikaendelea.

Sikuandikii ili unipe pole. Sitaki mtu aniambie ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji ameshasema hivyo mara nyingi, na Mungu hakuwa na ufunguo wa gari.

Kiplimo hajui kwamba najua. Kila jioni anapiga simu, anauliza nimekula nini, anaongea na mimi polepole kama mtu aliyebeba mayai. Nimemwacha. Aliniokoa mkutanoni kwa kuchukua aibu, nami nampa nafasi aamini kwamba ameniokoa. Lakini sitaweza siku zote.

Marcella nimemwambia yote. Nilimwambia awaite watu, niliseme mwenyewe, jina lako litoke kwenye midomo yao. Alilia, akasema haifai mzee wa umri wangu asimame hivyo. Nikamwambia, hiyo haifai, haifai, ndiyo imemuua mama wa mtoto. Watu walikukimbia kwa ajili yangu. Wewe uliniogopa. Mwanangu aliniogopa. Laiti mmoja wenu angenitukana.

Tutakaa Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya ibada. Njoo. Nisimame wewe ukiwepo, watu wakuone. Siombi urudi kufanya kazi hapa, hilo ni lako na Dorcus.

Chepkosgei ameanza kujishika kwenye kiti na kusimama. Anaangalia mlango akisikia sauti ya mwanamke nje. Hajui neno mama bado. Akilijua ataniuliza mimi kwanza, kwa sababu anashinda na mimi, na wakati huo nataka niwe nimeshazoea kusema nililofanya.

Baba yako,
Nicholas Kipkosgei